Giverny: Kijiji cha Mtu Aliyekimbizana na Jua

Mtu asafiriye kwa gari moshi kutoka stesheni ya Saint-Lazare, jijini Paris, na kuelekea kaskazini-magharibi kwa muda usiotimia saa moja, hushuka katika mji mdogo uitwao Vernon. Hapo huvuka daraja la mto Seine, kisha hufuata njia ipitayo chini ya vilima vya mawe ya chokaa kwa kilomita tano hivi, mpaka akafika katika kijiji kiitwacho Giverny. Kwa macho ya mgeni kijiji hiki hakina ajabu yo yote. Nyumba zake zimejipanga kando ya barabara moja ndefu; upande wa juu kuna vilima, na upande wa chini kuna mashamba na malisho tambarare yanayopitiwa na mto mdogo wa Epte kabla haujaingia katika Seine. Wakulima wa huko tangu zamani walilima ngano, wakafuga ng'ombe, na kupanda miti mirefu kando ya maji ili siku moja ikatwe na kuuzwa mbao. Hata hivyo, watu wa kila taifa humiminika kijijini humo mwaka hata mwaka, na wote huja kwa ajili ya mtu mmoja aliyekaa hapo miaka 43, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama nje, juani, mvuani na thelujini, akichora kile alichokiona mbele yake. Mtu huyo ni Claude Monet.

Ili msomaji aielewe kazi hiyo, hana budi kwanza kuyaelewa majira ya nchi hizo. Huku Afrika ya Mashariki, kwenye Ikweta, mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, na jua la adhuhuri husimama utosini. Mabadiliko ya mwaka huletwa na mvua: masika na vuli, na ukavu baina yake. Giverny iko mbali sana kaskazini ya Ikweta. Katika mwezi wa Juni jua huonekana huko kwa saa zipatazo kumi na sita, na katika mwezi wa Desemba kwa saa nane tu. Tena jua hilo la Desemba halipandi juu. Hutambaa upande wa kusini kama mgonjwa anayetembea kwa kushika ukuta, likarefusha vivuli hata wakati wa adhuhuri, kisha likatua mapema. Mti uliojaa majani mabichi mwezi wa Mei huwa wa manjano na wekundu ifikapo Oktoba, na mwezi wa Januari husimama mtupu kama mti uliokufa, ingawa ungali hai. Mahali pale pale, mtu asipojongea hata hatua moja, hupata kuona nchi nne katika mwaka mmoja.

Monet alihamia Giverny mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 42. Inasemekana alikiona kijiji hicho kupitia dirisha la gari moshi. Hakuja peke yake, kwani alikuwa na jamaa kubwa: watoto wake wawili wa kiume, na Bibi Alice Hoschedé pamoja na watoto wake sita. Walipanga nyumba yenye bustani ya matunda, nayo fedha ya kodi haikuwa rahisi kupatikana. Mwaka 1890 ndipo alipoweza kuinunua nyumba hiyo kwa faranga 22,000, naye akaanza kazi ambayo hata leo ndiyo inayotajwa kwanza jina lake litajwapo: picha za marundo ya ngano.

Marundo hayo yalikuwa katika shamba la jirani, karibu kabisa na nyumba yake. Wakati huo ngano ikisha kuvunwa haikupurwa siku ile ile. Mashine ya kupura ilikuwa ikizunguka kutoka kijiji hadi kijiji, na pengine zamu ya kijiji ilifika wakati wa baridi kali au hata baadaye. Kwa hiyo wakulima walipanga miganda kwa ustadi, masuke yakielekea ndani, rundo likapanda juu mita tano au zaidi, kisha wakaliezeka kwa majani makavu mfano wa paa la msonge ili mvua na theluji visipenye. Rundo moja lilikuwa chakula na fedha ya jamaa nzima. Mtu aliyepita njiani angeona ghala tu, wala asingegeuza shingo.

Bwana Monet alidhani vitambaa viwili vingemtosha, kimoja cha siku ya jua na kimoja cha siku ya mawingu. Baadaye alieleza jinsi alivyoanza kuchora akaona mwanga umegeuka, rangi za picha yake zikawa si rangi za shamba tena. Akamwomba binti yake wa kambo, Blanche, amletee kitambaa kingine kutoka nyumbani. Muda si muda mwanga ukageuka tena, akaomba kingine, na kingine. Tangu hapo wakawa wanakwenda shambani na toroli lililopakiwa vitambaa vilivyowambwa juu ya fremu. Kila kitambaa kilikuwa na saa yake. Jua likiingia mawinguni, hiki kilishushwa na kile kikapandishwa. Jua likitoka, cha kwanza kikarudishwa. Mtu asiyejua angefikiri ni mchezo wa watoto, lakini ilikuwa kazi yenye nidhamu kali kuliko nyingi za ofisini, maana hapakuwa na nafasi ya kusema jambo hili litamalizwa kesho. Kesho huenda mwanga ule usije.

Msomaji atauliza: rundo ni rundo, rangi yake ni ya majani makavu, sasa hizo rangi zinazogeuka ni zipi? Jibu lake si gumu. Jua likiwa chini upeoni, mwanga wake hupita katika hewa nyingi kabla ya kufika, nayo hewa huutawanya ule mwanga wa buluu, ikaacha wa manjano na mwekundu. Ndiyo sababu rundo la asubuhi ya Januari huonekana kana kwamba lina moto ndani yake. Na kivuli cha rundo hilo juu ya theluji si cheusi wala si cha kijivu, bali ni cha buluu, kwa kuwa mahali pale jua halifiki, na mwanga unaopaangaza ni ule wa mbingu tu. Watu wengi walikuwa wameitazama theluji maisha yao yote bila kuliona jambo hili, na picha zenye vivuli vya buluu zilipoanza kuonyeshwa, wako waliosema kwamba wachoraji hao wana ugonjwa wa macho. Ugonjwa ulikuwa wa mazoea, si wa macho. Mtu huambiwa utotoni kwamba kivuli ni cheusi, naye hutosheka asitazame tena.

Mnamo Oktoba, 1890, Monet alimwandikia rafiki yake Gustave Geffroy kumlalamikia kwamba katika majira yale jua lilikuwa likishuka upesi mno hata hakuweza kulifuata, na kwamba kadiri alivyozidi kuendelea ndivyo alivyozidi kuona kuwa ilimpasa kufanya kazi nyingi. Alifanya. Baridi ilipoingia alivaa mavazi mazito akaendelea, na kufikia mwaka 1891 picha za marundo zilikuwa zipatazo 25. Kumi na tano kati yake zilionyeshwa mjini Paris mwezi wa Mei, katika nyumba ya mfanyabiashara Durand-Ruel, zikauzwa katika muda wa siku chache. Ngano yenyewe ilikwisha kupurwa, ikasagwa na kuliwa. Mwaka 2019 moja ya picha hizo iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola za Marekani milioni 110.7. Mkulima mwenye shamba angeambiwa neno hilo, bila shaka angetaka kujua ni rundo lipi.

Mtu huyu hakuzaliwa akiijua kazi ya kuchora nje. Alizaliwa Paris mwaka 1840, akalelewa katika bandari ya Le Havre, na alipokuwa kijana alijipatia fedha kwa kuchora watu wa mjini kwa dhihaka, pua kubwa na vichwa vikubwa juu ya viwiliwili vidogo. Aliyemtoa humo alikuwa mchoraji aitwaye Eugène Boudin, aliyemchukua hadi nje ya mji, akamweka mbele ya anga na bahari. Desturi ya wakati ule ilikuwa mchoraji achore vielelezo nje kwa penseli, kisha arudi chumbani amalizie picha kwa rangi za mafuta. Sababu moja ilikuwa ya vyombo. Rangi zilikuwa zikitiwa katika vibofu vya nguruwe, vikatobolewa kwa msumari, navyo vilipasuka ovyo, na rangi ikakauka. Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aitwaye John Goffe Rand alipata hataza ya kijibomba cha bati laini kinachokamuliwa na kufungwa kwa kifuniko, kama vile vya dawa ya meno vilivyokuja baadaye. Kitu kidogo hicho ndicho kilichowafungulia wachoraji mlango, kwani sasa mtu aliweza kutia rangi zote katika mkoba, akafika mtoni, akakaa kutwa.

Kabla hajapata jina, Monet alikuwa askari. Mwaka 1861 kura ya jeshi ilimwangukia, na muda wa utumishi wakati huo ulikuwa miaka saba. Alijiunga na kikosi cha wapanda farasi cha Chasseurs d'Afrique, akapelekwa Algeria, ambayo wakati ule Ufaransa ilikuwa inaitawala kwa nguvu za silaha. Huko alikaa yapata mwaka mmoja, akaugua homa ya matumbo, akarudishwa kwao, na shangazi yake akalipa fedha ili aondolewe jeshini kwa sharti kwamba asome uchoraji kwa mwalimu anayetambulikana. Hata uzeeni Monet alikiri kwamba mwanga na rangi alizoziona Algeria vilikuwa mbegu ya yote aliyoyatafuta baadaye. Hivyo basi jua la Afrika lina sehemu yake katika theluji ya Giverny, ingawa wenye jua lao hawakuulizwa.

Ujerumani na Ufaransa zilipopigana mwaka 1870, Monet alikimbilia London pamoja na mkewe na mtoto. Rafiki yake Frédéric Bazille, mchoraji mwenziwe aliyekuwa akimsaidia kwa fedha na hata kwa malazi, aliingia jeshini kwa hiari yake, akauawa vitani huko Beaune-la-Rolande tarehe 28 Novemba mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 28. Wako wanaomlaumu Monet kwa kwenda London, na wako wanaomtetea. Lililo wazi ni kwamba Bazille alikuwa akichora nje kama yeye, na picha zake chache zilizobaki zinaonyesha kwamba alikuwa na mengi ya kufanya.

Pigo la pili lilimpata katika kijiji cha Vétheuil, kando ya Seine, kabla ya kuhamia Giverny. Mkewe Camille alifariki dunia mwezi wa Septemba, 1879, akiwa na miaka 32. Monet alimchora akiwa amelazwa kitandani baada ya kufa, na miaka mingi baadaye alimsimulia rafiki yake Clemenceau jinsi alivyojikuta, mbele ya uso wa mpenzi wake, akizifuata kwa macho rangi za buluu, manjano na kijivu ambazo mauti ilikuwa ikizigeuza. Akajishangaa na kujiogopa. Baridi iliyofuata ilikuwa mojawapo ya zilizo kali kabisa nchini Ufaransa. Mto Seine uliganda. Mwezi wa Januari, 1880, hali ya hewa ilibadilika ghafula, barafu ikapasuka kwa kishindo, na mapande yake yakaenda na maji yakivunja na kuburuta kila kilichokuwa njiani. Mjane yule alichukua vyombo vyake akatoka kwenda kuichora barafu. Picha hizo ni nyingi, na hakuna mtu ndani yake. Ni maji, mapande meupe, na miti iliyosimama mitupu ng'ambo.

Kazi ya nje ina ajali zake. Mwezi wa Novemba, 1885, Monet alikuwa Étretat, kwenye pwani ya majabali marefu meupe, akichora chini ya jabali. Alikuwa ameangalia saa za maji kujaa na kupwa akadhani yuko salama, kumbe alikosea. Wimbi kubwa likampiga, likamtupa juu ya mwamba, kisha likamvuta baharini pamoja na vyombo vyake. Alitoka akitambaa kwa mikono na magoti, viatu na soksi nzito zimejaa maji, rangi zimemjaa ndevuni. Katika barua aliyomwandikia Bibi Alice alihuzunika zaidi kwa sababu ya picha iliyopotea. Ye yote aliyekulia pwani angemwambia kwamba bahari haisomi ratiba. Na mwaka 1895, alipokwenda Norway akiwa na miaka 54, alichora nje katika theluji mpaka ndevu zake zikafanya vijiti vya barafu.

Lakini kisa kinachochekesha kuliko vyote ni kile cha mwaloni wa Fresselines, katika mabonde ya mto Creuse. Mwaka 1889 Monet alifika huko wakati wa baridi, akaanza kuuchora mwaloni mkubwa uliosimama mtupu bondeni. Mvua ikanyesha majuma kwa majuma, kazi ikasimama. Mwezi wa Mei ulipoingia mti ukafanya kama miti yote ifanyavyo, ukachipua majani mabichi. Picha ilikuwa ya majira ya baridi, haijakwisha. Mtu mwingine angeiacha. Monet alimwendea mwenye mti, akapata ruhusa, na vibarua wakapeleka ngazi bondeni wakaukwanyua mti huo majani yake yote, ili mchoraji amalize baridi yake katikati ya machipuko. Hapa, pamoja na heshima yote anayostahili, lazima isemwe kwamba alivunja ile kanuni yake mwenyewe ya kuchora kile kilichopo. Hakuyafuata majira, aliyaamuru yangoje. Wanavijiji waliotazama kazi ile hawakuacha maandishi yo yote, lakini si vigumu kukisia walichosema jioni.

Miti ya Epte nayo ilikuwa na kisa chake. Mwaka 1891, marundo yalipokwisha, aliigeukia safu ya mipopla iliyosimama kando ya mto huo, mirefu na myembamba, ikijipinda pamoja na maji. Alichora akiwa ndani ya mashua, iliyotengenezwa ili kubeba vitambaa vingi kwa pamoja. Mmarekani Lilla Cabot Perry, mchoraji aliyekuwa jirani yake, alieleza kwamba moja ya picha hizo ilikuwa na muda wa dakika saba tu, mpaka mwanga wa jua ulipoondoka juu ya jani fulani. Basi hapo ikawekwa chini, ikachukuliwa nyingine. Kazi ikiwa katikati, halmashauri ya kijiji cha Limetz, yenye kuimiliki miti hiyo, iliamua kuiuza kwa mnada ikatwe mbao. Hilo lilikuwa haki yao, kwani ilipandwa kwa ajili hiyo. Monet aliomba wangoje, hakukubaliwa. Ndipo alipomwendea mfanyabiashara wa mbao, akamwambia apandishe bei kadiri ya lazima, na ile ziada atailipa yeye, mradi miti iachwe isimame mpaka picha ziishe. Wakapatana. Picha zikamalizika, zipatazo ishirini na nne, na miti ikaangushwa. Kwa hiyo msafiri anayekwenda leo kuitafuta safu ile kando ya Epte haioni. Iko Tokyo, London, Philadelphia na kwingineko, juu ya kuta.

Mwaka 1893 Monet alinunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli iliyopita mbele ya bustani yake, akataka kuchepusha maji ya kijito yaingie humo ili atengeneze bwawa la mayungiyungi. Majirani walipinga. Waliogopa kwamba mimea ile ya kigeni ingetia sumu katika maji waliyofulia nguo na kunyweshea ng'ombe wao. Monet alikasirika sana, akaandika barua kwa wakuu wa serikali, na mwishowe akapata ruhusa. Watu wa mjini hupenda kuwacheka wanavijiji hao, lakini si haki. Mwenye ng'ombe huyatazama maji kwa jicho la mwenye ng'ombe, na hapakuwa na mtu aliyejua kwamba tajiri yule mwenye ndevu alikuwa na maana njema. Bwawa likachimbwa, daraja dogo la mtindo wa Kijapani likajengwa juu yake, na mtunza bustani mmoja akapewa kazi ya kupita kwa mashua kila asubuhi kuyasafisha majani yaelee bila taka. Kuanzia hapo Monet hakuhitaji tena kusafiri kuyafuata majira. Aliyaleta nyumbani.

Ila kuna jambo ambalo hakuweza kulipangia zamu. Bibi Alice, aliyekuwa amefunga naye ndoa mwaka 1892, alifariki mwaka 1911. Mwaka uliofuata madaktari walimwambia kwamba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwanawe mkubwa, Jean, mumewe Blanche, alifariki mwezi wa Februari, 1914. Miezi sita baadaye vita kuu ikaanza. Mwanawe wa pili, Michel, alikwenda vitani, na mwanawe wa kambo Jean-Pierre pia. Majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yanaikaribia Paris, wengi wa jamaa zake waliondoka Giverny. Mzee wa miaka 73 alikataa. Alimwandikia Geffroy kwamba atabaki, na kama ni kuuawa, basi na auawe katikati ya picha zake. Blanche, mjane, alirudi kumtunza; yule yule aliyesukuma toroli la vitambaa katika shamba la marundo.

Katika miaka hiyo ya vita alijenga banda kubwa lenye mwanga wa kutoka juu, akaanza kuchora bwawa lake katika vitambaa vyenye kimo cha mita mbili: maji ya alfajiri, maji ya mawingu, maji ya machweo. Aliona haya kufikiria rangi wakati vijana walikuwa wanakufa, na aliliandika jambo hilo kwa marafiki, lakini hakuwa na kazi nyingine aijuayo. Vita ilisimamishwa tarehe 11 Novemba, 1918. Kesho yake alimwandikia Georges Clemenceau, aliyekuwa Waziri Mkuu, kwamba anataka kuipa serikali picha mbili, na atie saini yake kwa tarehe ya siku ya ushindi, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kushiriki. Clemenceau alikuja Giverny siku chache baadaye. Zile mbili zikazidi kuongezeka mpaka zikawa kazi ya vyumba viwili vizima.

Macho yakamkatalia. Rangi zote zilianza kuelekea wekundu na udongo. Ikambidi asome majina kwenye vijibomba na kuzipanga rangi zake katika utaratibu usiobadilika, ili mkono ujue lile ambalo jicho halijui tena. Clemenceau, ambaye kabla ya siasa alisomea udaktari, alimsihi kwa muda mrefu akubali kupasuliwa. Alikubali mwaka 1923, likapasuliwa jicho la kulia. Alipofunguliwa alianza kuona buluu kupita kiasi, akakasirika, akapewa miwani ya rangi, akazoea kidogo kidogo. Mtu aliyetumia maisha yake kushindana na mabadiliko ya mwanga wa nje, sasa mwanga ulikuwa unabadilika ndani ya kichwa chake. Aliharibu picha nyingi kwa mikono yake mwenyewe, nyingine akazichoma moto. Alikufa tarehe 5 Desemba, 1926, wakati wa baridi, akiwa na miaka 86. Picha za mayungiyungi alizowapa Wafaransa zilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Mei, 1927, katika jumba la Orangerie mjini Paris. Zikiungwa pamoja zina urefu wa mita 91 hivi, na mtu husimama katikati yake kama aliyesimama kisiwani.

Blanche aliitunza nyumba mpaka alipofariki mwaka 1947. Baada ya hapo bustani iliota magugu, panya wakaingia, na bwawa likajaa matope. Michel alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1966, akaiachia nyumba taasisi ya sanaa ya Ufaransa, na kuanzia mwaka 1977 ilitengenezwa upya kwa miaka kadhaa, ikafunguliwa mwaka 1980. Reli haipo tena. Mahali pake pana barabara ya magari, na wageni hupita chini yake kwa njia ya ardhini ili wafike bwawani. Bustani hufunguliwa tarehe 1 Aprili na kufungwa tarehe 1 Novemba. Anayekuja Aprili hukuta tulipu, anayekuja Juni hukuta waridi, wa Agosti hukuta mayungiyungi yamefumbua, na wa Oktoba hukuta dalia za mwisho na majani yaliyoangukia maji. Watu hupiga picha kwa simu, wakasukumana darajani, wakaondoka na gari la jioni. Wa Januari, ambaye angeona vivuli vya buluu juu ya theluji, hukuta lango limefungwa.

Wageni wengi hawafiki kanisani, mwendo mfupi mbele ya nyumba ile. Nyuma ya kanisa la Sainte-Radegonde ndipo alipozikwa Monet pamoja na jamaa yake, katika kaburi ambalo juu yake hupandwa maua na kubadilishwa kwa majira. Katika makaburi hayo hayo wamelala wanajeshi saba wa anga wa Uingereza, wote wa ndege moja ya kivita aina ya Lancaster iliyoanguka karibu na kijiji mwezi wa Juni, 1944, siku chache tu tangu majeshi ya washirika yaliposhuka katika pwani ya Normandy. Wenyeji waliwazika hapo na wamekuwa wakiyatunza makaburi yao tangu wakati huo. Chini ya ukuta wa makaburi mashamba yanaendelea mpaka Epte. Siku hizi ngano huvunwa na kupurwa kwa mashine moja kwa siku moja, na marundo hayaonekani tena; lakini mwezi wa Desemba, jua likishuka nyuma ya vilima vya ng'ambo ya Seine, sakitu juu ya mabua huwa na rangi ya waridi kwa dakika chache, kisha buluu, kisha giza linaingia.